Wenceslaus Onesphory wa Myombo Jazz: Mwaka Mmoja na Santuri Tano

Umetimia mwaka mzima, Wenceslaus, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotuomba tufungue dirisha, ukasikiliza king'ora cha korona, kile kiwanda cha mkonge, kikiwaita watu kwenda kuchana mkonge, ukasema, "Leo waende wenyewe," kisha ukageukia ukutani na hukuamka tena. Uliondoka na mzaha mdomoni, kama ulivyoishi. Sisi uliotuacha hapa Kilosa tumeurudia mzaha huo mwaka wote, na mara nyingi tunacheka kwanza ndipo tunalia.

Tunakuandikia kukupa habari za nyumbani. Hasa tutakupa habari za mkeo Filomena, kwa sababu tunajua ndizo ambazo ungeuliza kabla hata ya kuvua viatu. Wengine wanaosoma hapa wasikilize tu, hatuna siri.

Nyumba ni nzima. Yule mbuzi mweusi uliyempa jina la Karani kwa sababu ya kula karatasi amezaa mapacha. Mwanao Gaudiosa amechumbiwa na Yeremia, fundi wa reli, kijana mpole mwenye aibu nyingi, na harusi ni Agosti. Koti lako jeupe la dansi atalivaa yeye pia. Filomena anasema atakuwa bwana harusi wa kumi kulivaa, maana hukuweza kumwona kijana anaoa na shati lililochanika ukamwacha hivyo hivyo. Tulizoea kukutania kwamba koti lako limeingia kanisani mara nyingi kuliko wewe mwenyewe.

Asubuhi ulikuwa chumba cha brashi, ukizisugua singa za mkonge zing'ae. Jioni ulirudi mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, ukaoga, ukanywa chai yako ya tangawizi ambayo hakuna mgeni aliyeimaliza, ndipo ukawa mtu wa kusemeshwa. Jumamosi ulikuwa mwimbaji wa Myombo Jazz, na watu walitoka Kimamba na Masanze kwa miguu kuja kucheza dansi. Ulipoulizwa kwa nini huachi korona ukaimba tu, ulijibu, "Nikiacha, nitaimba habari gani?" Wanamuziki wa mjini walikuona mshamba. Nawe uliendelea kuwaazima nyuzi za gitaa bila kinyongo.

Katika miaka kumi na tisa ulipiga santuri tano tu. Ya kwanza ni ya mwaka 1939, walipopita Dar es Salaam mafundi wa kunasa sauti, na ya tano ni ya 1958, kule Nairobi. Kati ya hiyo na hiyo sauti yako ilibadilika sana. Ilianza nyembamba, ya juu, ya kupenya ukuta wa klabu. Vumbi la brashi likaishusha mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa nzito yenye mchanga ndani yake. Wako walioona ni hasara, na mmoja wao alikuwa mkeo. Jambo hilo lilileta ugomvi nyumbani kwako, nasi tunataka kukuambia umekwishaje.

Ugomvi ulivyoanza unakumbuka vizuri. Barua ya kukuita Nairobi kwa santuri ya tano ilipofika, ulikuwa huwezi kumaliza ubeti bila kukohoa. Filomena alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Baba Gaudi, watu wanakujua kwa sauti nzuri. Usiende kuwaachia kikohozi."

"Sauti niliyo nayo ndiyo hii, mama."

"Basi hiyo sitaisikia. Nakwambia mapema."

Ulikwenda. Uliporudi uliiweka santuri juu ya kabati ndani ya bahasha yake, hukumsukuma aisikilize wala hukununa. Miezi minane baadaye tulikuzika. Filomena alishika neno lake, na neno lenyewe likamshika yeye. Alijua lilikuchoma, na hakuwahi kukuomba radhi. Hayo alimweleza dada yako Fausta wakiwa jikoni siku ya arobaini yako, na unamjua Fausta, jambo haliwezi kulala tumboni mwake.

Mwezi uliopita Fausta alikuja na kanga mpya. Kwa desturi yetu, mwaka ukitimia, dada wa marehemu ndiye anayemvua mjane kaniki ya msiba na kumfunga kanga ya rangi, na tangu hapo mjane anaweza kwenda harusini, kuimba kwaya na kucheka barabarani bila kusemwa. Filomena aliipokea ile kanga, akaisifu, akairudisha.

"Sivui, wifi."

"Una nini? Harusi ya Gaudiosa ni Agosti. Mwenye kaniki hamsindikizi bibi harusi, unajua."

"Najua, na nataka kumsindikiza mwanangu. Lakini sauti ya kaka yako imenitoka kichwani. Najaribu kuikumbuka ile ya zamani, nasikia kikohozi tu. Acheni niisikie tena ile nzuri, nimuage nayo. Hapo nitavua mwenyewe."

Tulidhani ni jambo jepesi. Si santuri ya kwanza ipo nyumbani? Mdogo wako Stefano akazungusha mkono wa gramafoni, akaiweka. Tukasikia samaki anakaangwa, na nyuma ya mafuta hayo mtu anaita kutoka ng'ambo ya mto, haijulikani anaita nini. Huyo anayeita ulikuwa wewe. Stefano aliiondoa kabla haijafika katikati, na Filomena akaenda uani kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kosa lilikuwa letu, sehemu kubwa likiwa la Filomena, naye ameturuhusu tuliandike. Kambini watu hupiga santuri kwa mwiba wa mkonge, ile ncha nyeusi ya jani, wakiichonga na kuibana mahali pa sindano. Wewe mwenyewe ulipenda hivyo. Filomena alikataa katakata. "Nyumba ya mwimbaji haipigi santuri kwa mwiba kama kambi ya manamba," alisema, akanunua sindano za chuma dukani, kopo zima linalong'aa. Na kwa kuwa zilikuwa za fahari, hakutaka ziishe. Sindano ambayo ilipaswa kutupwa baada ya nyimbo mbili aliitumikisha toka Krismasi mpaka Pasaka. Kila mgeni aliyeingia alipigiwa ile santuri ya kwanza, na kila ilipopigwa chuma kilichakaa na sauti yako ikachakaa nayo. Kwa mapenzi na majivuno tulikumaliza.

Tukaanza kuuliza huku na huku. Santuri ya mwalimu mkuu ilikuwa imepasuka. Ya klabu iliwahi kukaliwa na mpiga dramu wenu, na unajua alivyo mnene. Filomena akaanza kusema tuache, yeye atakaa na kaniki yake, wala haimli. Gaudiosa alikuwa halii mbele ya mama yake, ila mto wake wa kulalia tuliuona umelowa.

Stefano ndiye aliyemkumbuka Lupakisyo. Wewe hukumjua sana, ingawa yeye alikujua sana. Ni mtu wa Tukuyu, alikuja kwa mkataba akakata mkonge Kimamba miaka kumi na minne, kisha akamwoa Joha na kuhamia Mikumi kulima. Kambini walimsema kwa ubishi wake. Alinunua kila santuri yako ilipotoka, na hakuwahi kuruhusu sindano ya chuma iguse hata moja.

Basi Jumamosi moja Filomena, Gaudiosa na Stefano wakapanda lori lililokuwa linapeleka bidhaa gulioni katika kijiji chetu cha Ulaya na kuendelea hadi Mikumi. Filomena alikaa mbele na dereva, mikono juu ya magoti. Ulaya alishuka akanunua mkungu wa ndizi, maana hakutaka kuingia kwa mwenyeji mikono mitupu. Kisha akamnong'oneza Gaudiosa, "Na kama hiyo nayo imekufa?"

"Tutakuwa tumekula ndizi, mama," mwanao akamjibu. Ulimi ule umeuacha wewe.

Walifika saa nane mchana. Lupakisyo alikuwa anapukuchua mahindi barazani, mzee mrefu, mkavu, mwenye kovu la jani la mkonge shavuni. Filomena alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mama. Karibuni. Mnatoka mbali?"

"Kilosa. Mimi ni mjane wa Wenceslaus, yule mwimbaji wa Myombo Jazz."

Lupakisyo aliweka hindi chini. Akamwita mkewe. "Joha! Njoo umwone shemeji yetu. Tandika mkeka ule mpya." Halafu akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, kama mtu anayekwenda kula. Alipokuwa anajifuta akasema, "Msiba niliusikia umeshapita mwezi. Nilikaa na santuri zake siku nzima, sikwenda shamba. Huyu mama ananicheka mpaka leo."

"Nilikucheka mchana tu," alisema Joha. "Jioni nililia na wewe."

Filomena akaeleza shida yake, kwamba amekuja kusikia ile ya kwanza, Kipande Kimejaa, basi. Lupakisyo alitikisa kichwa. Kwake yeye, alisema, santuri hupigwa Jumapili baada ya chai, zote tano, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kila upande na mwiba wake. Kwa ajili ya mgeni, Jumamosi hii itageuka Jumapili. Lakini kupiga moja na kuacha nne, hapana.

"Lakini shemeji, mimi nataka hiyo moja tu."

"Shemeji, mimi Wenceslaus simkatizi njiani. Akianza safari namfikisha."

Huwezi kumgomea mwenyeji aliyekutandikia mkeka mpya. Filomena alimtazama Stefano, na Stefano akajifanya anafunga kamba ya kiatu, maana wote wawili walijua ya mwisho ni ipi.

Lupakisyo akaenda kwenye ua wake, ambao ni mkonge mtupu, akarudi na miiba. Aliunoa mmoja kwenye jiwe, akaupima ncha yake kwenye kucha ya dole gumba, akaubana. Jirani yake Sempele, mfugaji mwenye boma upande wa mbugani, aliwaona watu akaja na fimbo yake. "Ngoja, bado sijakaa," alisema, na Lupakisyo akangoja mpaka amekaa. Mwiba haupigi kelele kama chuma. Lazima watu wasogee, wanyamaze, wazuie hata kikohozi, ndipo wasikie. Joha alimfukuza jogoo uani.

Ukatoka, Wenceslaus. Mdogo, safi, hakuna mafuta wala samaki. Banjo ilitangulia, na kabla hujaanza walisikia unavuta pumzi. Hiyo pumzi hatukuwahi kuijua hapa nyumbani. Kisha ukaimba habari za kijana ambaye kipande chake cha kazi kimejaa siku zote thelathini, anakuja kumwona mchumba wake, na lile neno "nakuja" ukalishikilia juu mpaka banjo ikachoka kukungoja. Filomena alijifunika mdomo. Alikuwa amelisahau gauni lake la bluu, akalikumbuka. Aliikumbuka klabu ilivyonuka mafuta ya taa, na wewe jukwaani ukimwimbia yeye huku unajifanya unawaimbia watu wote. "Huyu!" alisema, akacheka na machozi yakamtoka. Upande wa pili, Mkondoa Nivushe, aliuimba pamoja nawe chini kwa chini, hakukosea neno.

Alikuwa amepata alichokifuata. Alimwambia Gaudiosa baadaye kwamba alifikiri sasa moyo utatulia, akangoja utulie. Sauti ilikuwa ile ile aliyoipenda. Ila alihisi kama ameonyeshwa picha ya kijana mzuri sana, halafu mwenye picha hayumo chumbani. Aliona haya kusema hivyo mbele ya watu waliomhangaikia, akawa anafunga kitambaa chake kichwani upya. Lupakisyo alikuwa tayari anachonga mwiba mwingine.

Santuri ya pili, ile ya 1947, ni Gulio la Ulaya, ambayo watu wa Nairobi walidhani unajigamba kwenda kwa Mfalme, kumbe unakwenda kununua kuku kwa baiskeli. Hapo sauti bado ni ya kijana, lakini umejifunza kutoikimbiza. Unachelewa nyuma ya gitaa kwa makusudi, kama mtu anayejua kwamba gulio halitafungwa kabla hajafika. Sempele alikuwa anapiga kidole kwenye fimbo yake.

Ya tatu, mwaka 1950, ni Gaudi Nisomee, baba anayempa mtoto wake barua amsomee kwa kuwa yeye herufi zinamkimbia. Ndani yake mchanga umeanza kuingia. Kwenye maneno "pole pole, mwanangu" sauti inakwaruza kidogo, nawe hukuificha, uliegemea hapo hapo. Gaudiosa alikuwa na miaka minane ulipoimba hivyo, na kule Mikumi aliuficha uso wake kwenye bega la mama yake. Filomena alimshika mkono. Alikuwa anasikiliza sasa, alisema, si kama mtu anayengoja zamu yake ipite.

Ya nne ni ile anayoipenda Sempele, Panda Wewe, ya mwaka 1954. Kila unapofika mahali ambapo zamani ungepanda juu, unasimama chini na kusema "panda wewe, ndugu," na saksafoni ya Stefano inapanda badala yako. Miaka yote tumeicheza tukijua ni mbwembwe za bendi. Stefano alitazama mkeka. "Nilidhani kaka ananipa nafasi ya kujionyesha," alisema. "Nilijivuna sana. Kumbe pale alikuwa hawezi kufika, akanituma."

"Na hakuniambia," alisema Filomena.

"Hakumwambia mtu, shemeji. Alisema tu kwamba wimbo ni mzuri zaidi hivyo. Na kweli ni mzuri zaidi."

Ikabaki ya tano. Lupakisyo aliitoa kwenye bahasha, akachagua mwiba, akauchonga muda mrefu kuliko mingine. "Hizo nne napenda," alisema. "Hii nainyamazia." Akaubana mwiba, akazungusha mkono wa gramafoni, akainua kichwa. Hakuwa amejua lolote la nyumbani kwako, lakini aliona uso wa Filomena. "Niweke, shemeji?"

Hapo angeweza kukataa. Jua lilikuwa bado lipo, Joha alikuwa na chai motoni, kila mtu angemwelewa. Filomena alitwambia kwamba neno lake la siku ile ya kukunja nguo lilimjaa mdomoni, "sitaisikia," na akaogopa vitu viwili kwa pamoja. Aliogopa kwamba utakuwa mbaya kweli, na watu hawa wema watakaa wanakuonea huruma mbele yake. Na aliogopa zaidi kwamba utakuwa mzuri.

"Weka," akasema.

Nimechelewa Kidogo hauna banjo wala saksafoni. Ni gitaa lako peke yake na wewe. Mwanamume anarudi kutoka kazini, amechelewa, anatembea na kueleza njiani kilichomchelewesha, na visingizio vyake vyote ni vya uongo na vyote ni vitamu. Huimbi sana, unazungumza kwa sauti ya wimbo, chini kabisa, na pumzi inapokwisha unaliachia gitaa limalizie sentensi. Kikohozi hakimo. Kila mahali ambapo kingekuja ulipiga uzi mmoja wa gitaa, ukapita. Filomena aliijua sauti hiyo kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ndiyo uliyokuwa ukiitia maji ya kuoga na kuulizia kama mbuzi wamerudi, ya mtu aliyelala ubavuni kwake miaka yote ya mwisho, na ndiyo aliyokuwa ameitafuta mwaka mzima mahali pengine.

Kisha mwanamume wa wimbo akafika nyumbani. Ukagonga ubao wa gitaa mara tatu kwa vidole. "Hodi humu, Mama Gaudi," ulisema.

Gitaa likanyamaza. Santuri ikawa inazunguka tu, mwiba unapapasa, hakuna wimbo, hakuna neno. Sempele aliinua macho. Gaudiosa alidhani imeharibika.

"Karibu," Filomena akasema.

"Asante, mama," ukajibu, na gitaa likaingia ndani.

Hakuna aliyejikuna. Joha alikuwa amesimama mlangoni na birika, akabaki hivyo hivyo. Wimbo ulipokwisha, Stefano ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa shida. Kule Nairobi mzungu wa mitambo alitaka kukiondoa kile kimya, akisema watu watadhani santuri ni mbovu. Wewe, uliyekuwa hujawahi kubishana na mtu yeyote wa mitambo, ulikataa. Ulisema hapo pana mtu wake, na atafika kwa wakati wake. Stefano hakutwambia habari hiyo mwaka mzima kwa sababu alijua neno la Filomena, akaogopa itakuwa kama kumsuta.

"Miezi minane ilikaa juu ya kabati," alisema Filomena. "Alikuwa anaipita kila siku, na hakuniambia kitu."

"Angekwambia angekuwa amekulazimisha," alisema Lupakisyo.

Filomena alijifuta uso kwa ncha ya kaniki. "Rudia."

"Hii huwa sirudii, shemeji."

"Shemeji, nimekusikiliza zote tano. Sasa nisikilize mimi. Rudia."

Mzee akaenda uani kukata mwiba mwingine. Gramafoni ikazungushwa, ukatembea tena na visingizio vyako, ukafika, ukagonga. Safari hii Filomena alikuwa tayari. "Karibu, Baba Gaudi," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya nyumbani. "Nisamehe. Umekula?"

"Asante, mama," ukamjibu, na watu wote kwenye ule mkeka wakaangua kicheko, Filomena kuliko wote, maana ilikuwa dhahiri kwamba kama kawaida yako umekula kwa watu.

Walilala kwa Lupakisyo, wakarudi Jumatatu. Jumamosi iliyofuata, baada ya misa yako, Fausta alimvua Filomena kaniki mbele yetu sote na kumfunga ile kanga, nyekundu yenye maua meupe, inampendeza mno. Agosti atamsindikiza mwanao. Ua wetu tumeupanda mkonge miche sita, mbegu ya Lupakisyo, na kopo la sindano za chuma sasa limewekwa vifungo. Filomena husikiliza santuri ya tano karibu kila siku, wakati wa chai. Nasi tukiwepo hunyamaza pale panapostahili, tukamwachia nafasi yake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Filomena, mwanao Gaudiosa na mkweo mtarajiwa Yeremia, dada yako Fausta na wanawe, mdogo wako Stefano, wenzako wote wa Myombo Jazz na wa chumba cha brashi. Tumewaongeza kwenye ukoo wako, bila kukuuliza, Lupakisyo na mkewe Joha wa Mikumi, pamoja na jirani yao Sempele.

Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa, Wenceslaus. Umechelewa kidogo tu. Karibu.